Maji ya Mgeni

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimia bado, lakini mimi ni mtu wa kujibu mapema, nisije nikasahau kisha nikajilaumu wiki nzima. Ndivyo nilivyoumbwa. Nilipoajiriwa kuwa afisa wa afya Msambweni, kijana mwenye shahada mpya na suruali ya kuazima, nilikuwa na wasiwasi wa kila kitu. Nikipasisha choo cha shule, usingizi haunijii, nakiona kikibomoka. Nikimwamkia mzee, njia nzima nawaza kama nilimpa mkono vizuri. Watu wa vijijini waliniita Bwana Labda, maana hakuna swali nililolijibu bila ya neno hilo. Nimestaafu sasa, nakaa Ukunda, si mbali na Kona ya Musa, lakini wasiwasi wenyewe haukustaafu.

Nasikia baadhi yenu mmepangiwa kazi huku Kwale. Nimewaona mkipita na vifaa vya kupimia maji vinavyoingia mfukoni, mnachovya, mnasoma namba, mnaondoka. Sina wivu. Labda kidogo. Sisi kifaa chetu kilikuwa ulimi, na ulimi una hadithi zake. Leo nataka kuwasimulia moja.

Aliyenifunza kazi ni Bi Mwanasha, mkubwa wangu pale ofisini, mwanamke mfupi wa buibui jeusi ambaye alitembea kwa kasi hata mimi mwenye miguu mirefu nikawa nakimbia nyuma yake. Yeye alikuwa na sharti moja: usikague nyumba ya mtu kabla hujanywa maji yake.

"Unapiga hodi," alinieleza siku ya kwanza. "Unakaribishwa. Unakaa. Unaulizia hali za watu, mpaka za mbuzi. Unaletewa maji, unakunywa. Hapo ndipo unapouliza choo kiko wapi. Ukianza na choo, umeshafukuzwa hujijui."

"Na kama maji yenyewe hayajachemshwa?"

"Basi utajua kwamba hayajachemshwa," alisema. "Si ndiyo kazi iliyokuleta?"

Alikuwa na sababu nyingine pia. Maji ya nyumba yakipita ulimini, yeye alitambua kisima kilivyo: kama kimeingiliwa na udongo, kama majani yameozea ndani, kama chumvi imeanza. Vijiji vyote vya kutoka Gazi mpaka karibu na Lunga Lunga alivijua kwa ladha. Sisemi muige. Tumbo langu lililipia vya kutosha, na wakati wa kipindupindu yeye mwenyewe alituamuru tusiguse hata tone. Nawasimulia tu jinsi ilivyokuwa.

Mimi sasa. Nimetoka chuoni na kichwa kimejaa majina ya vijidudu, nami nimezaliwa bara ya Kwale, upande wa Kinango, ambako maji yetu yalikuwa ya bwawani, tunashirikiana na ng'ombe. Mama yangu aliyachuja kwa ncha ya leso na bado yalikuwa na rangi ya chai. Maji niliyaogopa tangu utotoni. Kwa hiyo nilijitafutia hila. Nilitia dawa ya kusafishia maji katika kichupa kidogo, nikakificha mfukoni, nikipewa maji nageuka upande kama mtu anayekohoa, natia tone.

Nyumba niliyokamatwa ilikuwa ya Bi Mwanamisi, kijijini karibu na pwani, mwendo mfupi kutoka Msambweni. Alikuwa na mtungi mkubwa wa udongo barazani, juu ya kigoda chake, umefunikwa kwa kawa, na kata ya kifuu ikining'inia ukutani. Akanichotea. Nikageuka, nikakohoa. Nilipoinua macho, amesimama mbele yangu.

"Bwana Afya," akasema, "maji yangu unayatia dawa ya choo?"

Bi Mwanasha akaniangalia. Natamani ningeweza kuwaonyesha mwangalio ule.

"Msamehe, dada," akamwambia. "Huyu amesoma sana. Akili zake hazijashuka kifuani."

"Basi ayamwage, nimpe mengine. Na hicho kichupa akitie mfukoni."

Nikapewa mengine, nikayanywa huku nikihesabu maradhi. Lakini maji yenyewe, wanangu! Yalikuwa baridi, matamu, na harufu ya ubani ikija kwa mbali, kama mtu aliyepita mlangoni amevaa kanzu iliyofukizwa. Sikujua kwamba wanawake wa pwani huugeuza mtungi mkavu juu ya moshi wa ubani kabla ya kuutia maji. Mtoto wa bwawani kama mimi, sikujua kwamba maji huweza kupambwa. Nikaomba kata ya pili. Bi Mwanamisi akacheka mpaka akashika nguzo.

"Huyo amepona!" akasema.

Kisima chao kilichimbwa na baba mkwe wake, baba yake Mzee Rashidi aliyekuwa mumewe. Kilikuwa na jina zuri kote pale; wenye harusi walikuja kuomba maji ya kupikia pilau. Fahari ya nyumba ile haikuwa ng'ombe wala gari. Ilikuwa kile kisima.

Zamani zile, sijui niseme vipi mnielewe, hata maradhi yalikuwa na adabu. Yalijua zamu zao. Masika yakinyesha na madimbwi yakatulia, tunajua homa inakuja, tunagawa vyandarua kabla haijafika. Kaskazi ikivuma na vumbi, tunatayarisha dawa za macho. Bi Mwanasha aliangalia mawingu kisha akaagiza dawa, na hakukosea sana. Leo nawaona mkihangaika. Mvua inakuja wakati wa kiangazi, inazoa vyoo na kwenda zake, kisha miezi hakuna kitu. Watu wanaweka maji kwenye mapipa kwa sababu hawajui yatakuja tena lini, na mbu wa homa ile ya kuvunja mifupa anazaliana humo humo, mjini kweupe, mchana kweupe. Joto la usiku halishuki tena, mtoto anaamka na vipele. Mimi siitamani malaria ya zamani, Mungu apishe mbali. Natamani tu ule uhakika wa kujua nini kinafuata baada ya nini. Kwa mtu wa wasiwasi kama mimi, ile kalenda ilikuwa mto wa kulalia.

Nirudi kwa Bi Mwanamisi.

Miaka ilipita. Bi Mwanasha akastaafu, nikabaki na sharti lake. Kila nilipopita kijiji kile nilipanga nyumba ya Bi Mwanamisi iwe ya mwisho, nimalizie siku kwa kitu kizuri. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamekwisha anza kulalamika. Maji yamebadilika, walisema. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya ajabu. Nilielewa sababu, kwa jumla. Maji matamu ya pwani hukaa chini ya ardhi yakiwa yameegemea maji ya bahari. Mvua ikipungua, yanapungua kimo. Bahari ikipanda, inasukuma. Na watu wakiongezeka, na visima virefu vya mashine vikavuta mchana na usiku, bahari haihitaji kualikwa. Lakini kwa Bi Mwanamisi maji yalikuwa matamu kama siku ile ya kichupa. Ubani tu ulikuwa umezidi.

"Leo umefukiza hasa," nilimwambia wakati mmoja.

"Mtungi umezeeka," akanijibu. "Mzee hutaka manukato zaidi."

Nikaandika ofisini kwamba kisima kile kiko salama.

Yeye na Mzee Rashidi walikuwa na binti mmoja, Riziki, ameolewa Diani na kijana askari wa mlangoni katika hoteli moja. Riziki alikuwa mchekeshaji kuliko mama yake. Alipopata mimba ya kwanza alikuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi. Alikuja mzima. Baada ya muda miguu ikavimba hata kandambili hazimwingii, kichwa kikamuuma, akaona nyotanyota, kisha kikamshika kifafa cha mimba. Wakamkimbiza hospitali. Yeye aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Mkisikia wakunga wakisema presha ya mimba haina mwenyewe, ni kweli. Humpata yeyote, na sababu zake ni nyingi. Sitaki mtoke hapa mkisema mzee alituambia ni jambo moja tu. Lakini kijijini mtu hakubali kwamba jambo halina mwenyewe. Wakaanza kusema: kwa mumewe alikuwa mzima, kwa mama yake akaugua. Kuna nini kwa mama yake? Kuna jicho la nani? Bi Mwanamisi aliacha kwenda harusini. Yule mwanamke wa kushika nguzo kwa kicheko akawa anaongea kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

Riziki akashika mimba tena. Wakweze wakamkataza kwenda kwao. Akaenda. "Mama yangu hana jicho," aliwaambia. "Angekuwa nalo, angewatazama nyinyi kwanza."

Nesi wa kliniki alimpima kila alipokwenda, na kila alipokwenda presha ilikuwa imepanda kidogo. Punguza chumvi, akamwambia. Basi nyumba nzima ikaacha chumvi. Mchuzi hauna chumvi, samaki hana chumvi, sima ndiyo usiseme.

"Nimekuwa mgonjwa mimi?" Mzee Rashidi alinilalamikia. "Nakula kama ng'ombe, Bwana Labda. Ng'ombe mwenyewe hupewa chumvi ya kulamba."

"Vumilia, mzee. Ni kwa ajili ya Riziki."

"Navumilia. Lakini mbona presha haivumilii?"

Swali hilo nililibeba mpaka nyumbani. Diani mzima, kwa mama mgonjwa. Chumvi hakuna, presha inapanda. Niliwaza mpaka mke wangu akaniambia niende nikawazie nje.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, na joto la mwaka ule mnaweza kuliuliza kwa yeyote. Bi Mwanamisi akanialika kufuturu. Mimi Mkristo, lakini sijawahi kukosa futari ya watu wa Msambweni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimefunga. Nilifika wakati wa shughuli yenyewe: Bi Mwanamisi ana kaimati kwenye mafuta, Riziki, ambaye hakufunga kwa hali yake, amekaa kwenye mkeka na miguu imevimba, anakoroga uji wa pilipili manga. Adhana ikalia. Tende zikapita. Nikasema, kwa mazoea, "Bi Mwanamisi, maji yako yale."

Mikono yake ilikuwa imejaa unga.

"We Labda," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekuja hapa tangu nywele zako nyeusi. Mgeni gani wewe? Ingia ndani, ujichotee."

Nawaambia kweli, nilifurahi. Nilisimama kama mtu aliyepewa cheo. Barazani mtungi ulikuwa mtupu, kata imelala ndani yake. Nikaingia uani, nikakuta pipa la bluu walilokuwa wakichota watu wa nyumba, nikajaza kikombe, nikapiga funda moja kubwa.

Nilifikiri nimekosea pipa. Nikaonja tena, polepole, kama alivyonifunza Bi Mwanasha. Ilikuwa chumvi. Siyo kama ya bahari, hapana. Ni ile ambayo mtu akizaliwa nayo ataiita ladha ya maji. Lakini mwenye kuyanywa mchana kutwa katika joto lile, vikombe kwa vikombe, pamoja na chai, pamoja na uji, amekula chumvi kuliko mchuzi wowote.

Nikatoka na kikombe mkononi. Bi Mwanamisi aliniona, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akazima jiko.

"Haya ndiyo mnayokunywa?"

Aliyenijibu ni Mzee Rashidi, naye alikuwa akiangalia mkeka.

"Kisima kimegeuka zamani," alisema. "Kidogokidogo. Kama uzee."

"Na ya mtungini?"

"Ya kununua. Kwa mtu wa mkokoteni." Bi Mwanamisi sasa ndiye aliyesema, na sauti ilikuwa ile ya chumba cha pili. "Mgeni anakuja nyumba yenye kisima cha sifa, nimpe maji ya chumvi? Nimwambie nini, kisima cha baba mkwe kimekufa? Tulitia ya mkokoteni mtungini. Sisi wenyewe tulikunywa haya, tukazoea. Leo nimesahau kuujaza. Kazi zilikuwa nyingi, nawe nimekuona wa nyumbani."

Riziki alikuwa ameshika mwiko, uji unaganda.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe ni mwanangu," akasema mama yake. "Wewe si mgeni hapa."

Mafuta yalikuwa yakitulia kwenye karai. Nilimwona Bi Mwanamisi akilisikia neno lake mwenyewe. Binti akiwa kwa mumewe Diani, mji wa maji ya kununua, yuko salama. Akija kwao, kwa heshima ya kuwa mtoto wa nyumba, anapewa ya pipani. Akainuka, bado ana unga mpaka vifundoni, akaenda akaleta dumu la mkokoteni lililokuwa nyuma ya mlango, akayamimina mtungini, akachota kwa kata, akapiga magoti mbele ya binti yake kama anavyopiga mtu mbele ya wakwe.

"Karibu, mgeni wangu," akasema.

"Mama, inuka bwana," Riziki akasema. "Unaniharibia uji." Lakini alikuwa analia, na maji aliyanywa yote.

Kesho yake nilimpeleka kwa nesi, nikaeleza. Riziki alilazwa muda, akapewa dawa, akafuatwa kwa karibu. Msidhani maji matamu peke yake ni tiba. Presha ilishuka kiasi cha kutosha. Walimzalisha kabla ya siku zake, mtoto wa kike, mdogo kama kuku wa kienyeji, mwenye sauti kubwa. Wakamwita Mgeni. Wale waliokuwa wakisema habari za jicho walikuja na mchele na sabuni kama kwamba hawakuwahi kusema kitu, na Bi Mwanamisi akawapokea kama kwamba hakuwahi kusikia. Akawapa maji ya pipani waonje. "Kunyweni," aliwaambia. "Hilo ndilo jicho langu."

Nilikwenda kumweleza Bi Mwanasha. Alikuwa mzee sasa, macho yamefifia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akacheka kwanza. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Miaka yote ile," akasema. "Tulidhani tunapima visima vyao, kumbe tunapima ukarimu wao."

"Tulikosea wapi?"

"Hatukukosea kunywa, mwanangu. Tulikosea kutouliza wao wanakunywa yapi."

Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, nilipofika nyumba ya mtu nilikunywa maji ya mgeni, nikashukuru, kisha nikaomba kuonja ya mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Ndiyo yote niliyoongeza katika kazi hii. Vifaa vyenu vitawaambia chumvi iko kiasi gani katika kikombe mlichopewa. Havitawaambia kikombe hicho ni cha nani. Hilo itabidi muulize kwa mdomo, tena taratibu, na baada ya kuulizia mbuzi.

Bi Mwanamisi ametangulia mbele ya haki, na Bi Mwanasha pia. Siku nyingine napanda tuktuk mpaka njia panda, kisha bodaboda, naenda kuwatazama. Riziki ndiye mwenye nyumba sasa. Ameweka tangi la maji ya mvua, ya kiangazi ananunua, na wote wanakunywa ya namna moja, mkubwa kwa mdogo, aliyekuja na aliyezaliwa pale. Ndivyo tulivyotaka. Ndivyo nilivyohubiri miaka yote. Mgeni, ambaye ni msichana wa shule mrefu kuliko mimi, ananiletea chupa kutoka dukani, baridi, ina karatasi ya picha ya mlima. Nakunywa. Haina kosa lolote. Haina harufu ya mtu yeyote. Mtungi umepasuka, umegeuzwa kifudifudi chini ya dirisha, nami hupenda kukaa karibu nao. Udongo ukipata jua la mchana, labda ni mawazo yangu, ubani bado unatoka.

Kabla sijaondoka huwa nazunguka nyuma kwenye kisima. Wamekifunika kwa zege, lakini wameacha mfuniko. Mgeni ananisaidia kutia ndoo, maana mgongo wangu umekataa. Mimi mwenyewe daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo nachovya kidole tu, nakigusisha ulimini, nafumba macho. Husema moyoni, masika ya safari hii yalikuwa makubwa. Husema, huenda maji ya mvua yameshuka chini, huenda yameisukuma bahari nyuma.

"Babu," Mgeni huniuliza, "yamerudi?"

Maisha yangu yote nimeulizwa maswali, na yote nimeyajibu kwa labda. Hilo moja siwezi.

"Bado," namwambia.

Naye hubeba ndoo akamwagia mnazi, kwa kuwa mnazi hauchagui.